Shaba Haipiti Langoni

Machi 2021 kaka yangu alinipigia kutoka Muscat akaniambia amenunua gemu mbili zinazofanana, moja yake, moja yangu. Dola 19.99 kila moja. Nikamwambia hela hiyo bora angemtumia mama. Akajibu ya mama ipo, hii ni ya kwetu sisi wawili.

Yeye ni fundi viyoyozi, yuko Omani tangu 2016. Mimi nina duka la steshenari Tanga mjini: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kulamineti vyeti. Tulikuwa tunaongea kila Ijumaa, na mazungumzo yenyewe ni yale ya ndugu waliotenganishwa na bahari. Mama anaendeleaje. Hela imefika. Joto huko vipi. Dakika sita, salio limekwisha. Mwaka ule korona ilikuwa imewabana, na Ramadhani ilipoingia katikati ya Aprili watu kule walizuiwa kutoka usiku. Akawa anakaa chumbani kuanzia futari mpaka daku. Gemu ilikuwa ya kuvukia usiku.

Inaitwa Valheim. Imetengenezwa Skövde, mji wa Uswidi, na kampuni ya Iron Gate, ambayo ilipoiachia tarehe 2 Februari 2021 ilikuwa na watu 5 tu. Waliiuza haijakamilika, na walilisema hilo wazi: unainunua nyumba mafundi wangali juu ya paa. Ndani ya mwezi mmoja hivi watu milioni 5 walikuwa wameshaingia. Kilichonipa nafasi mimi ni ukubwa wake, kama GB 1 tu, kwa hiyo bando la usiku liliitosha.

Mchezaji ni shujaa wa Kiviking aliyekufa, anashushwa na kiumbe mkubwa mwenye mabawa katika nchi ya mapori, visiwa na bahari, karibu hana kitu mwilini. Anaokota jiwe na fimbo, anatengeneza shoka, anakata mti. Hapo ndipo nilipokamatwa. Mti ulipoanguka, kwenye pembe ya juu ya kioo kulitokea maandishi madogo kwamba ujuzi wangu wa kukata miti umepanda. Nikakimbia, ujuzi wa kukimbia ukapanda. Nikaruka, ukapanda wa kuruka. Kuogelea, kunyata, kutumia rungu, kukinga kwa ngao, kila kimoja kina hesabu yake kutoka 0 hadi 100, na hakuna njia ya kukikuza isipokuwa kukifanya.

Nieleze kwa nini jambo dogo kama hilo linaweza kumshika mtu mzima. Nilikuwa na mwaka wa saba pale dukani. Najua kwa sikio mashine ya fotokopi inapotaka kumeza karatasi. Najua kupanga barua ya maombi ya kazi ya kijana ambaye hana cha kuandika, na ikasomeka vizuri bila kudanganya. Hakuna siku hata moja mtu alinitazama akasema, dada, mwaka jana ulikuwa hapa, mwaka huu uko pale. Mteja analipa, anachukua karatasi zake, anaondoka. Halafu inakuja gemu inayoona hata mruko wangu mmoja, inauandika, inanionyesha. Nilihisi kama nimeonwa. Silionei haya hilo.

Mbali na hesabu za ujuzi kuna mpangilio mwingine wa kupanda, na huo ndio uti wa mgongo wa gemu yenyewe. Unamuua jitu la kwanza, Eikthyr, paa mkubwa mwenye radi kwenye pembe zake. Pembe zake unazifanya sululu. Kwa sululu unachimba shaba na bati katika msitu mweusi. Unajenga tanuri, unalilisha mkaa, shaba mbili na bati moja zinakupa pande moja la bronzi. Pande moja la bronzi linatoa misumari 20, na misumari 80 inakupa mashua yenye tanga. Jitu la pili linakuachia ufunguo wa makaburi ya kinamasi, na humo ndimo kinamopatikana chuma. Kila hatua inafungua mahali ambapo jana hukuweza kukanyaga.

Sasa, kuna malango. Unajenga lango huku, unajenga jingine kule, unalipa jina lile lile, unapita kama upepo. Ila madini hayapiti. Ukiwa na kipande kimoja cha shaba au chuma mfukoni, lango linakukatalia. Mzigo wa chuma lazima uupakie chomboni, ungoje upepo, uvuke.

Mwanzoni niliona ni usumbufu tu. Kaka hakuona hivyo. Baba yetu alikuwa nahodha wa mashua Pangani, akipakia nazi na mbuzi kwenda Unguja, na kaka alipanda naye tangu ana miaka tisa. Mimi kitinda mimba, na wa kike, nilikulia nchi kavu. Nilichokijua juu ya bahari ya baba ni harufu ya nguo zake. Alifariki 2019. Kaka hakuwahi kuja kuzika.

Katika gemu ile upepo ni upepo. Ukija wa omo, yaani wa mbele, tanga halikusaidii, inabidi ubishe, uende upande huu kisha upande ule, au upige makasia polepole. Kaka aliposhika usukani mara ya kwanza alicheka kwa sauti mpaka wenzake chumbani wakamuuliza. Tulikuwa tunasikilizana kwa ile programu ya mikutano ya ofisini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kompyuta, kwa sababu kule simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti. Safari moja ya shaba ilituchukua nusu saa, mara nyingine saa nzima. Chomboni hakuna cha kufanya. Mmoja anashika usukani, mwingine amekaa. Basi anaongea.

Ndipo nikaanza kumsikia baba. "Hapa mzee angeshusha tanga," kaka angesema wingu likitokea mbele. Akanisimulia usiku walipopotea karibu na kisiwa cha Maziwe. Akanisimulia mbuzi wa Kipumbwi waliokula kamba ya tanga njiani, na baba akavua kikoi chake akakisokota kuwa kamba. Usiku mmoja, tumebeba bati, mwezi wa gemu umechomoza juu ya maji, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Siku ile mmenipigia kwamba amefariki nilikuwa juu ya paa la hoteli, nafunga kiyoyozi. Nikamaliza kufunga. Sijui kwa nini nilimaliza." Mimi sikuwa na jibu. Mashua ikaendelea kwenda.

Haya nayaandika sasa nikiwa najua thamani yake. Wakati ule nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye hesabu.

Kwa sababu hesabu zilikuwa zinapanda, na zikishafika mahali zinapanda polepole. Kutoka 10 kwenda 20 ni jioni moja. Kutoka 60 kwenda 70 ni siku na siku. Ukipumzika vizuri ndani ya nyumba yenye moto na vitanda unapata nyongeza ya asilimia 50 kwa muda, basi nikawa siondoki nyumbani kabla sijapumzika, nikirudi mbio inapokwisha. Nilichimba shimo nikamnasa kiumbe mmoja wa msituni, nikawa namnyatia nyuma ya ukuta, kwenda na kurudi, ili ujuzi wa kunyata upande. Nilihamia na kompyuta dukani. Msimu wa mitihani ya majaribio walimu wananiletea karatasi za kurudufu, kurasa mia tatu kwa darasa. Mashine inakwenda, mkono wangu wa kulia unapanga karatasi, wa kushoto unabonyeza kitufe cha kuruka. Kuruka 41. Kuruka 42. Mwalimu mmoja wa kike alisimama akisubiri bahasha zake, akaniambia kwa upole, "Dada, kurasa ya nne imejirudia mara mbili." Ilikuwa imejirudia katika seti zote. Nilizirudia kwa gharama yangu.

Sijawahi kuona ubaya katika kucheza, na leo bado sioni. Ninachokisema ni kwamba kuna tofauti kati ya ngazi uliyoegemeza ukutani, ukipanda unaona ng'ambo, na ngazi iliyosimama yenyewe katikati ya uwanja. Mashua ya misumari 80 ilikuwa ngazi ya kwanza: ilinitoa pwani. Kunyata mpaka 50 nyuma ya kiumbe aliyefungwa shimoni ilikuwa ya pili. Zote mbili ziliandikwa kwa herufi zile zile, zilitoa mlio ule ule, na mwili wangu ulizipokea kwa furaha ile ile. Hapo ndipo pagumu. Furaha yenyewe haikuambii umepanda ipi.

Na kuna kufa. Ukifa, vitu vyako vinabaki pale ulipoangukia, na kila ujuzi wako unapungua kwa asilimia 5. Mwenye 10 hapotezi kitu cha maana. Mwenye 71 anapoteza zaidi ya ngazi tatu, usiku kadhaa wa kazi. Kadiri ulivyopanda ndivyo unavyoogopa.

Mwisho wa Mei tulikuwa kwenye chuma. Kaka alikuwa amevuka peke yake kwenda kinamasi cha mbali, mimi nimebaki nyumbani kwenye tanuri. Saa tano usiku kwangu, saa sita kwake. Nikamsikia, "Nimekufa. Vitu vyote viko kule, chombo kiko kule. Njoo twende tukavitoe."

Rungu langu lilikuwa 71. Kinamasi cha usiku, sumu, mizoga yenye mishale, na yeye hana hata ngao. Nikajibu, "Subiri nimalize kuyeyusha."

Tanuri linayeyusha lenyewe. Halihitaji mtu. Nilikaa mbele yake nikitazama moshi. Akasubiri kama dakika kumi, kisha akasema anatangulia, nimfuate. Akaenda na ngozi za kuazima, akafa tena. Nikasema nakuja, nakuja. Mwishowe akasema, "Basi, lala mdogo wangu, kesho kazini." Akatoka.

Dunia yetu ilikuwa inakaa kwenye kompyuta yangu. Ndivyo tulivyoipanga, mmoja anaihifadhi, wengine wanaingia anapoifungua. Maana yake kaka hakuweza kuingia bila mimi, lakini mimi niliweza kuingia bila yeye. Na baada ya usiku ule, badala ya kumwomba radhi, niliingia bila yeye.

Wachezaji walikuwa wameshagundua njia ya kulikwepa lango. Mchezaji anabeba mfuko wake kutoka dunia moja hadi nyingine. Kwa hiyo unachimba chuma, unatoka, unaingia dunia nyingine tupu, unakiacha sandukuni, unarudi, unapita lango mikono mitupu mpaka nyumbani, kisha unakwenda kukichukua kule ulikokiacha. Dakika tatu. Hakuna bahari, hakuna upepo. Niliona nimeerevuka. Kwa wiki moja nilijaza maghala, nikavaa chuma mwili mzima, nikapanda kinamasini nikamuua jitu la tatu, Bonemass, peke yangu, nikatundika kichwa chake ukutani ili kaka akiingia akikute.

Aliingia Ijumaa. Akazunguka nyumba. Akafungua masanduku. Akasimama chini ya kile kichwa. "Maashallah," akasema, "umeshamaliza." Nikamweleza jinsi ya kufanya, kwamba sasa hatuna haja ya kusafiri tena, nitamchukulia kila anachotaka. Nilikuwa na furaha ya kweli nikimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ijumaa iliyofuata alisema amechoka. Iliyofuata tukaongea dakika sita: mama, hela, joto.

Niliendelea peke yangu. Jitu la nne, Moder, joka la milimani, ukilishinda linakupa nguvu ya kuita kwa muda upepo wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma, popote uendako. Nilivuka bahari tanga limejaa, bila kubisha hata mara moja, na kimya kilichokuwa chomboni sikukizoea. La tano nikalimaliza Agosti. Halafu nikaelekea kwenye nchi ya ukungu, Mistlands, ambayo kwenye ramani ilikuwa mbele ya zote. Nilijiandaa siku mbili. Chakula bora, dawa, mishale, ujuzi wote juu ya 60.

Nilikuta miti mirefu myeusi, utando wa buibui mkubwa umetanda kati ya matawi, na mafuvu makubwa kama nyumba. Nikachomoa silaha nikaingia. Nikatembea. Hakuna kilichotokea. Hakuna jiwe jipya la kuchimba, hakuna adui wa kwake, hakuna mti wenye kutoa kitu. Nchi ile ilikuwa bado haijajengwa; watengenezaji walikuwa wameweka pazia na mapambo tu. Nililijua hilo, mtu yeyote aliyeinunua alikuwa ameshaambiwa. Lakini kujua ni kitu kimoja, kusimama pale na rungu la 80 mkononi ni kingine. Nilisimama muda mrefu nikitafuta mtu wa kumwambia, "Umeona?" Nikafungua simu. Muscat ilikuwa saa nane usiku.

Septemba likatoka toleo lililobadilisha vyakula vyote: kuna vya kuongeza uhai na kuna vya kuongeza pumzi, na mapishi yangu ya zamani hayakuwa tena yale niliyoyazoea. Kwenye gemu iliyokamilika hili si rahisi litokee. Kwenye gemu inayojengwa, ngazi inachongwa ukiwa umeisimamia. Sikukasirika. Nilishusha pumzi, kwa kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba daftari la madeni limeungua. Nikaizima, na sikuifungua kwa zaidi ya mwaka.

Kaka alikuja likizo Januari 2023. Mara yake ya kwanza tangu msiba. Tulikwenda Pangani, tukasoma dua kaburini, tukashuka mtoni tukakaa kutazama kivuko kikienda na kurudi Bweni. Nikamwambia hapo. "Kaka, ile siku ya kinamasi, nilikuwa nimekaa tu. Tanuri halikuwa linanihitaji."

"Nilijua," akasema. "Alama yako ilikuwa kwenye ramani. Haikusogea."

Kwa hiyo dakika zile zote za nakuja, nakuja, alikuwa ananitazama nimesimama. Na alichosema ni nilale, kesho kazini.

Hakulizungumza zaidi, na mimi sikumlazimisha anisamehe kwa maneno. Jioni ile, kwa mama, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza kama gemu bado ipo. Ile nchi ya ukungu ilikuwa imekwisha kujengwa, imetoka Desemba 2022, na watu wote walikuwa wanakimbilia huko. Sisi tulifungua dunia mpya kabisa, na wahusika wapya, hesabu zote sifuri, kompyuta mbili juu ya meza ya chakula. Ya safari hii inakaa kwake. Mimi nilitaka hivyo: nikitaka kuingia, nimwombe. Na ule ukurasa unaoorodhesha ujuzi siufungui. Hesabu zinapanda zenyewe huko ndani, kama zinavyopanda dukani, na maandishi yakitokea pembeni nayaacha yapite.

Tunakwenda polepole mno. Baadaye mwaka huo huo watengenezaji waliongeza mipangilio, mwenye dunia akitaka anaruhusu malango yapitishe kila kitu, chuma na shaba pia. Wengi waliliombea hilo miaka miwili, na ninawaelewa; mwenye saa moja kwa wiki hana haja ya kuimalizia baharini. Kaka alinisomea mpangilio huo kutoka Muscat, akaniuliza, "Tuweke?"

"Acha kama ulivyo," nikasema.

Wiki iliyopita tulikuwa na shaba ya kutosha kujaza sanduku la mashua, na mifuko yetu imejaa mpaka mwisho wa uzito. Nyumbani kuko kaskazini, na upepo wa omo mtupu. Mimi ndiye nilikuwa kwenye usukani, nabisha, nimeanza kuujua. Kaka alikaa omoni. Upande wake nilisikia kijiko kikigonga kikombe cha chai.

"Nilishakwambia ile ya mbuzi wa Kipumbwi?"

Nikamwambia bado.